Kisu kabla ya kidonge

Wiki hii mmeuliza: ili mwili upate zile kemikali za mimea zenye faida, tunahitaji vidonge au chakula cha kila siku kinatosha? Nasema kinatosha. Kinachotupunja ni haraka zetu jikoni.

Shika punje moja ya kitunguu saumu. Ikiwa nzima hainuki. Iponde, harufu kali inapanda papo hapo. Hiyo ni alisini, mojawapo ya kemikali hizo, na kabla hujaponda haikuwamo. Ndani ya punje, malighafi yake na kimeng'enya kinachoitengeneza (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) hukaa mbalimbali; ni kisu kinachovikutanisha. Lakini kimeng'enya hicho hakistahimili moto. Ukiponda na kutia kwenye mafuta ya moto saa hiyohiyo, umekiua kabla hakijamaliza kazi. Miaka mingi nilipika hivyo. Siku hizi naanza na kitunguu saumu: nakiponda, nakiacha ubaoni kama dakika 10, huku namenya vingine.

Kabichi na brokoli nazo zina tabia hiyo: katakata, subiri, ndipo upike. Sulforafani, kemikali yenye faida ambayo Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliitoa kwenye brokoli mwaka 1992, huzaliwa baada ya mboga kukatwa au kutafunwa. Umesahau, ukaipika nzima? Nyunyizia unga kidogo wa haradali ukishaipua. Haradali ni wa ukoo huohuo na ina kimeng'enya kilekile kinachotengeneza sulforafani.

Nyanya inataka kinyume. Wekundu wake ni likopeni, kemikali nyingine yenye faida; imejibana ndani ya seli na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo mpaka ikawa rojo hukupa likopeni kwa urahisi kuliko mbichi. Vitamini C ndiyo inayopungua motoni, kwa hiyo mimi hula zote mbili. Karoti na mboga za majani pia zinahitaji mafuta kidogo.

Kitunguu maji kimenye kwa huruma, maana kwesetini, kemikali yake yenye faida, imejaa zaidi kwenye tabaka za nje. Na ukikichemsha, sehemu yake huhamia kwenye maji. Tafadhali msimwage mchuzi!

Sasa vidonge. Watafiti waliona kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye beta-karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti, hawaugui sana saratani ya mapafu, wakatumaini kidonge chake kitafanya hivyohivyo. Nchini Ufini wakawafuatilia wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasioimeza. Karoti ina beta-karotini pamoja na mengine mengi, na humfikia mtu kidogokidogo. Kidonge humpa kitu kimoja kwa wingi.

Baba yangu huvuta sigara, na vidonge hivyo nilimnunulia mimi mwenyewe, kwa mapenzi. Siku niliyosoma habari hizo nilivitoa kabatini. Sasa namkaangia karoti kwa mafuta kidogo, na tukikaa mezani namwomba, kila mara, aache sigara.