Kabati la Marehemu Bibi Lina Thamani Gani? Vuta Droo Kwanza

Fanicha za chumbani za marehemu bibi zilipotufikia, kila ndugu alikuwa na bei yake kichwani. Mmoja aliamini ni mali nyingi kwa kuwa ni za zamani, mwingine alitaka zigawiwe bure. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzithamini, na nakushauri usianze na mng'ao wa mbele. Vuta droo.

Itoe kabisa, uigeuze, uangalie pembe ambapo ubao wa mbele unashikana na wa ubavuni. Hapo utaona meno yanayofumana kuunganisha mbao hizo. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani, na mara nyingi mistari aliyojichorea fundi kabla ya kukata bado inaonekana. Meno yaliyofanana yote ni kazi ya mashine, ambazo zilienea viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Kagua na skrubu. Zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kabati linalosemwa ni la 1880, basi limewahi kufanyiwa matengenezo au umri huo si wake. Mgongoni na chini ya droo tafuta mhuri, namba au karatasi ya kiwanda. Ukiipata, ipige picha na usiisugue. Kwetu, droo ndizo zilizotuonyesha kwamba kabati na kitanda tulivyovidhani seti moja havikutoka kwa fundi mmoja, na seti isiyo kamili hushuka bei.

Uzee peke yake hauleti pesa. Wafanyabiashara wengi hukiita kitu “cha kale” kikishatimiza miaka 100, lakini makabati mazito ya mbao za kahawia yameshuka bei sana kwenye minada ya Uingereza na Marekani tangu miaka ya 2000, huku fanicha nyepesi za katikati ya karne ya 20, hasa za wabunifu wa Denmark, zikigombewa. Kitanda ndicho kigumu kuuzika, maana vipimo vya zamani mara nyingi havipokei magodoro ya leo. Kabati la droo hupata mnunuzi upesi, kwani linafaa chumba chochote.

Kuhusu bei zenyewe, usiziamini zile zilizobandikwa na wauzaji mtandaoni. Hayo ni matakwa yao tu. Tafuta matokeo ya minada, yaani kiasi ambacho mtu alilipa kweli kwa kitu kinachofanana na chako, chenye hali ileile. Pia jua unatafuta thamani ipi. Ya bima huwa juu, kwa sababu ni gharama ya kununua kingine dukani. Anachokupa mfanyabiashara huwa chini sana, kwani bado ana usafiri, matengenezo na faida yake. Kwa kugawana urithi, tumieni bei ya soko, ambayo muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa wangekubaliana. Bila hivyo ndugu watagombana kwa namba ambazo hazizungumzii kitu kimoja.

Mthamini mzuri hulipwa ada iliyokubaliwa mapema, si asilimia ya thamani anayoitaja, na hatakiwi kuwa ndiye anayetaka kununua. Kabla hajafika, tafadhali usipige msasa wala vanishi mpya. Rangi ya awali ikishakwanguliwa hairudi, na kwa kipande kizuri hasara yake ni kubwa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na ukiona vitundu vinavyomwaga unga mpya, weka kipande hicho mbali na vingine, kwani huenda wadudu bado wamo ndani.