Barua kwa mwanangu: kuhusu María Luisa Bemberg

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama umri wa miaka 41 umechelewa kwa mtu kuanza kuongoza filamu, ukamtaja María Luisa Bemberg wa Argentina, ambaye filamu yake ndefu ya kwanza, Momentos, ilitoka 1981 akikaribia 60. Watu humsifia umri, kazi aliyoitanguliza hawaisemi.

Alianza kwa kuandika. Skripti zake mbili zilirekodiwa 1971 na 1975, zote chini ya waongozaji wanaume, na wanawake aliowaandika hawakuwa wale aliowaona kwenye skrini. Ndiyo maana sichoki kukwambia: skripti bila usukani ni mali ya mwenzio. Akashika kamera kwa filamu fupi: El mundo de la mujer (1972), kwenye maonyesho ya bidhaa za wanawake Buenos Aires, na Juguetes (1978), kwenye maonyesho ya vitu vya watoto vya kuchezea. Angalia alivyochagua: mandhari ipo tayari, watu wapo tayari, hulipi mwigizaji wala fundi wa kujenga seti. Wewe unayo Sabasaba. Halafu akatafuta mtayarishaji, Lita Stantic, wakafanya kazi pamoja filamu tano. Wewe bado unataka kufanya yote peke yako.

Lakini linaloniuma hadi leo ni Señora de nadie. Wakaguzi wa utawala wa kijeshi waliikataa skripti: mke anamwacha mume msaliti, na rafiki anayemfariji ni mwanamume anayependa wanaume. Akaiweka kando, akatengeneza Momentos kwanza. Ruhusa ikaja baadaye, filamu ikatoka tarehe 1 Aprili 1982. Kesho yake jeshi la Argentina likavamia visiwa vya Malvinas (Falkland), vilivyokuwa chini ya Waingereza! Miaka yote ile ya kungoja, kisha usiku mmoja tu nchi nzima ikageukia visiwani.

Hakukaa kulia. Wanajeshi walipoondoka akatoa Camila (1984), kisa cha Camila O'Gorman na padri Ladislao Gutiérrez, waliopigwa risasi 1848 kwa amri ya Rosas, gavana wa Buenos Aires. Akamfanya mwanamke ndiye anayetamani kwanza. Watazamaji zaidi ya milioni mbili nchini mwake, na uteuzi wa Oscar. Usukani, mwanangu.

Utaniambia: mama, kwao ndio waliokuwa wenye kiwanda cha bia ya Quilmes. Kweli, na nimelifikiria sana. Pesa ilimpa muda ambao wewe huna, tena una watoto wawili. Ila yeye alilea wanne, na matajiri wa Buenos Aires walikuwa wengi, filamu hizo hawakuzitengeneza. Hata hivyo siwezi kusema pesa si kitu, ningekuwa nakudanganya.

Kuhusu kuacha kazi yako ya benki, ulimi unaniwasha lakini sitasema. Nitumie kurasa kumi za mwanzo kabla ya Idi, na uniandikie nani atakuwa mtayarishaji wako.

Mama yako