Jibu: Kupita Mfereji wa Suez na yoti

Ndugu yangu, umeuliza kama yoti ya tajiri wako, mnayoitoa Kilifi kwenda Ugiriki, inaweza kupita Suez kwa tanga ili mbane mafuta. Haiwezekani. Mfereji wote, karibu kilomita 193, mtapita kwa injini, na rubani wa mfereji, yaani mwongozaji wa vyombo, akiwa chomboni.

Kwa hiyo injini ndiyo roho ya safari. Hapa Dunga, Kisumu, gugumaji la ziwani, linaloziba maji ya kupozea injini, limetufundisha kuogopa injini inayopata joto. Badilisheni filta za dizeli, kagueni pampu ya maji na mkanda wake, na mbebe vya akiba. Mkizimika mle, kuvutwa ni gharama kubwa.

Usiogope milango ya maji ya kuinua vyombo, hiyo ni ya Panama. Suez haina. Yoti kwa kawaida hulala Ismailia, katikati ya mfereji, usiku mmoja, kisha huendelea hadi Port Said, mwisho wake wa kaskazini. Tafuteni wakala mapema awasimamie upimaji wa chombo, maana ada hutegemea vipimo hivyo.

Kinachonitia hofu hasa ni Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu mtakaopitia kabla ya kufika Suez. Tangu mwishoni mwa 2023 meli zimeshambuliwa eneo lile. Tafadhali, muulize tajiri ana mpango gani kabla hujapanda.