Mwanangu ana miaka mitatu na bado hasemi: nianzie wapi?

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nina mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 3 na miezi 2. Maneno yake nikiyahesabu hayazidi manane. "Mama" na "baba" huyatamka vizuri, lakini samaki humwita "amaki" na sufuria huiita "u-uia". Akitaka maji hunishika mkono, akanivuta hadi kwenye mtungi na kuninyooshea kidole. Anacheza vizuri na dada yake, na tukimwonyesha kiatu na kumtuma akilete, hukileta. Nadhani anasikia, maana lori likipita hukimbilia dirishani.

Alipokuwa na miaka 2 nilimpeleka zahanati, nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa, nisubiri. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye hapa Morogoro, anasema baba wa mtoto pia alichelewa kusema, na sasa anataka apelekwe kwa mzee mmoja akakatwe uzi wa chini ya ulimi. Mwalimu wake wa chekechea naye ameshauri bibi aache kumsemesha Kiluguru, kwa kuwa lugha mbili zinamchanganya. Naogopa kukosea. Nianzie wapi?

Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutoendelea kusubiri, na umefanya vyema zaidi kuyaandika maneno ya mtoto jinsi anavyoyatamka, kwa sababu hapo ndipo nitakapoanzia.

Ushauri uliopewa mtoto alipokuwa na miaka 2 haukukosa msingi kabisa, kwani wapo watoto wengi wanaochelewa katika umri huo na kuwafikia wenzao baadaye. Hata hivyo, mtoto wa miaka 2 hutarajiwa awe ameanza kuunganisha maneno mawili, kama vile "baba kuja" au "maji baridi", na afikapo miaka 3 mgeni aliyeingia nyumbani anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya anayoyasema. Kwa hiyo maneno manane katika umri wa mwanao si jambo la kusubiri tena, awe wa kiume au wa kike.

Kipimo cha kwanza ni cha masikio, nami nakusihi usikiruke hata kama una hakika kwamba anasikia. Mngurumo wa lori ni sauti nzito, na mtoto aliyepungukiwa na usikivu anaweza kuusikia vizuri sana huku sauti nyembamba za s, f na sh zikimpita. Tazama ulivyoandika: samaki amepoteza s, sufuria imepoteza s na f, ilhali mama na baba wamebaki wazima. Hilo peke yake halithibitishi kitu, maana watoto wadogo wengi huangusha herufi hizo, lakini linatosha kutupeleka kwa mpimaji. Umesema pia kwamba hukileta kiatu mnapomwonyesha. Jaribu kumtuma ukiwa nyuma yake, mikono ikiwa imetulia na bila kukitazama kiatu, kisha uandike alichofanya. Huenda amekuwa akifuata kidole na macho yenu kuliko maneno.

Usikivu hupungua kwa sababu nyingi, na baadhi yake hutibika. Ute unaokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara huweza kuififisha sauti kwa miezi kadhaa bila mtoto kulia wala sikio kutoa usaha. Manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za sindano kama gentamisini huweza kuudhuru usikivu moja kwa moja. Kama lolote kati ya hayo lilimpata, litaje. Mtoto mdogo hahitaji kujibu maswali ili apimwe. Vipo vipimo ambavyo kifaa kidogo huwekwa sikioni na kupokea mwitikio wa sikio lenyewe, na vingine huangalia jinsi ubongo unavyoitikia sauti wakati mtoto amelala.

Ulipo, anzia kliniki ya mtoto ukiwa na kadi yake, uombe rufaa kwenda idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Kama vipimo hivyo havipatikani hapo, rufaa itakwenda mbele, na kwa mtu wa Morogoro mahali pa karibu ni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2017 hata upandikizaji wa vifaa vya usikivu kwa watoto wenye uziwi mkubwa umekuwa ukifanyika hapa hapa nchini. Kuhusu gharama, ingia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa, uulizie msamaha kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Siku ya kwenda, chukua daftari lenye maneno yake yote, ya Kiswahili na ya Kiluguru. Mrekodi kwa simu dakika mbili tatu akicheza nyumbani, maana watoto wengi hunyamaza kabisa mbele ya daktari. Mweleze daktari kama aliwahi kuwa na maneno kisha yakapotea, kama amewahi kupata degedege, na kama hugeuka na kukutazama ukimwita kwa jina. Ulivyomweleza, anayecheza na dada yake na kunyoosha kidole ili umpe maji, sioni haraka ya kumhisi kuwa na usonji, yaani hali ya ukuaji inayomtatiza mtoto katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, ila uamuzi huo ni wa mtaalamu aliyemwona.

Masikio yakikutwa salama, hatua inayofuata ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Hawa ni wachache mno katika nchi zetu, na mafunzo ya shahada yao yalianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu, kwa hiyo foleni ni ndefu na ni vyema jina la mtoto liingie mapema. Mtaalamu ndiye atakayetenganisha mtoto asiyeweza kupanga sauti mdomoni na mtoto ambaye lugha yenyewe haijijengi kichwani ingawa hana ugonjwa mwingine wowote. Hali hii ya pili si adimu hata kidogo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 uliikuta kwa watoto 7 hadi 8 katika kila 100 wanaoanza shule. Nayo hufuata familia, ndiyo maana kauli ya mama mkwe kuhusu baba wa mtoto ni habari muhimu inayostahili kuandikwa kwenye daftari lako. Mwombe mfuatane naye hospitalini aieleze mwenyewe. Atakuwa ameheshimiwa, na atasikia majibu kwa masikio yake.

Kuhusu uzi wa ulimi, ambao wengine huuita udata, nasema bila kuzunguka: asikatwe kwa mzee. Uzi mfupi unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya au kutamka l na r, lakini haumnyimi mtoto maneno. Wembe wa mtaani, uwe wa ulimi au wa kimeo, huleta damu isiyokatika, uambukizo na hata pepopunda. Daktari atautazama kwa nusu dakika siku hiyo hiyo ya masikio.

Bibi naye aendelee na Kiluguru chake. Mamilioni ya watoto wa Afrika hukua na lugha mbili au tatu, na hilo halizai tatizo la usemi. Mtoto mwenye tatizo huwa nalo katika lugha zote. Bibi akinyamaza, mtoto atakuwa amepoteza mtu mmoja wa kuzungumza naye, jambo linalonitia uchungu kila ninapolisikia likishauriwa.

Wakati mnasubiri zamu, kazi ya nyumbani inaanza leo. Unapochambua maharage, mketishe mbele yako, uso kwa uso, si mgongoni wala pembeni, ili auone mdomo wako. Akiokota jiwe na kukuonyesha, sema "jiwe", kisha nyamaza ukihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huo ni mgumu kwetu watu wazima, nasi huujaza upesi, lakini ndio unaompa nafasi. Akisema "amaki", usimwambie amekosea wala usimlazimishe kurudia. Mjibu kwa furaha, "Eeh, samaki! Samaki mkubwa," ili alisikie neno likiwa kamili na likiwa limeongezewa jingine. Usimnyime maji mpaka aseme "maji", kwa maana mtoto asiyeweza si mtoto mkaidi. Kunyoosha kidole kusikatazwe pia, hakumcheleweshi. Dakika kumi za namna hii, asubuhi na jioni bila simu wala runinga, zinatosha kwa kuanzia.

Mwalimu wa chekechea mwombe amkalishe mbele na asiruhusu wenzake wamwite bubu. Afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yenu anaweza kukuelekeza kuhusu upimaji wa mahitaji yake kabla ya darasa la kwanza. Wasomaji wetu wa Kenya watafute vituo vya upimaji wa kielimu, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984.

Ukiambiwa tena usubiri, omba kwa upole ushauri huo uandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe ya kurudi, na bado uombe rufaa ya masikio. Ukipata majibu yake tuandikie, utaje sikio la kulia na la kushoto kila moja peke yake, kwani nitakalokushauri baadaye litategemea majibu hayo.