Kabla hujaipiga kiki pikipiki iliyolala miaka

Baba mdogo aliponiachia pikipiki yake, ilikuwa imeegemea ukuta wa stoo kwa miaka tisa, turubai juu, tairi zote mbili zimekaa chapati. Mguu wa kulia ukaanza kuniwasha palepale. Nikaongeza petroli kidogo juu ya ile ya zamani, nikapiga kiki. Haikushuka. Nikaikanyaga kwa uzito wangu wote, ikashuka na mkwaruzo mmoja mfupi, kama kisu kwenye bati. Mkwaruzo huo ndio uliokula ringi za pistoni. Kutu ilikuwa imeota kwenye ukuta wa silinda, nami nikaziburuza ringi juu yake zikiwa kavu.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, chukua kwanza spana ya plagi. Fungua plagi, mimina oili safi kijiko kimoja kwenye tundu, kisha nenda kalale. Ukiweza iache siku mbili tatu, oili ipenye taratibu. Ukirudi, plagi ikiwa bado nje, tia gia ya juu kabisa, usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Kwenye gia hiyo injini huzunguka kwa urahisi zaidi, na mkono unahisi mara moja kama kuna kinachokwama. Ikigoma, ongeza oili na subira. Ikizunguka bila mkwaruzo, funika tundu kwa kitambaa, shusha kiki polepole mara kadhaa mpaka oili ya ziada itoke. Usipofunika itakurukia shatini, yangu bado ina doa. Oili ya injini nayo imwage yote, hata kama inaonekana safi, maana miaka ya joto na baridi huingiza unyevu humo.

Kabla hujagusa mfumo wa mafuta, fungua kasha la chujio la hewa. Langu lilikuwa na kiota cha panya: nyuzi za turubai, maganda ya njugu, vipande vya sponji ya kiti. Injini ingewaka siku ile, sehemu ya uchafu huo ingevutwa ndani. Panya huyohuyo alikuwa ametafuna waya za indiketa, kwa hiyo zifuate waya kwa vidole kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma kabla ya kuunganisha betri.

Tuje kwenye kabureta. Petroli huanza kuchakaa ndani ya miezi michache tu: ile nyepesi, inayoshika moto haraka, hupotea kwa mvuke, na inayobaki hugeuka gundi. Nilipofungua bakuli la chini nilikuta utando wa kahawia unaonata kama asali iliyoungua, floti (kile kiboya cha kupimia mafuta) imegandia humo. Jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa inaunguruma bila kuongezwa moto, ina tundu jembamba kama unywele. Niliinua kwenye mwanga, sikuona kitu. Hapo ndipo watu wengi huchukua waya wa chuma na kuchokonoa. Usithubutu. Jeti hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni laini. Ukilikwaruza tundu likapanuka, injini itakunywa mafuta mpaka ununue jeti nyingine. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, pulizia upepo wa pampu, tazama tena mwangani. Yangu ilichukua usiku tatu kabla sijaona kitone cheupe cha mwanga, duara kamili. Ukiwa umeifungua, badilisha na raba zote. Raba zilizokauka huvujisha petroli juu ya injini ya moto, na matokeo yake unayajua.

Tangi lilikuwa na kutu nyepesi. Nililijaza siki, nikaliacha kutwa nzima na usiku wake, nikasuuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kisha nikalikausha upesi na kulizungusha na oili kidogo ndani. Ukichelewa kukausha, kutu mpya inarudi ukiwa unatazama.

Betri haina maneno mengi. Ichaji, iache itulie saa kadhaa, pima. Volti 12.6 ni nzuri. Ikiwa chini ya 10.5 baada ya kuchajiwa, kuna selo imekufa, nunua nyingine.

Fundi aliyenisaidia kufunga ringi alikuwa na neno moja: "Leo jioni inawaka." Na kweli iliwaka. Hakuna aliyeuliza itasimamaje, mimi pia sikuuliza. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata pikipiki ikiwa imelala. DOT 4, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ya kutosha inaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Ikichemka inatoa mapovu, na mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani bila kukamata kitu. Yatoe yote, tia mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiyadondoshee rangi ya tangi kwa sababu yanaibabua. Kama nyuma kuna breki za ngoma, fungua uone. Viatu vyake, yaani vile vibao vinavyoibana ngoma kwa ndani, vinaweza kuwa vimebanduka gamba lake la kukamatia, na kwa nje hutajua.

Tairi nazo zina kashata nzuri, yaani mikato ya kukamatia barabara, lakini zinadanganya. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3209 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2009. Zangu zilikuwa na nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi. Nikazitupa zote mbili, pamoja na mnyororo uliokuwa umekakamaa.

Ikiwaka mara ya kwanza, itafuka moshi wa ile oili ya kwenye silinda. Usiogope, utaisha baada ya dakika chache. Klachi ikiwa imegandana, utaibana na pikipiki bado itataka kuondoka, kwa hiyo usitie gia ukiwa umeelekea ukutani.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa hadi mwisho wa ua na kurudi, mara tano, gia ya kwanza na ya pili, breki kila baada ya hatua chache. Niliposhuka nikagusa diski ya mbele kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Pistoni ya breki ilikuwa bado inabana. Nikazima injini, nikarudi stoo kuchukua spana.