Hela za TASAF za marehemu: kifungo kipo?

Ndugu uliyeuliza kuhusu jirani yako wa Chamwino, anayechukua ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini) kwa jina la bibi aliyefariki: ndiyo, anaweza kufungwa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinafika hadi miaka 7. Kama aligushi karatasi au saini, hilo ni kosa jingine linalojitegemea. Kurudisha hela hakufuti kesi, ingawa hakimu huweza kumwangalia kwa jicho la huruma.

Ila usikimbilie kumshtaki. Ruzuku ya kunusuru kaya maskini ni ya kaya, si ya bibi peke yake. Kama ameacha wajukuu mle ndani, kaya inaweza kuendelea kuwa na haki. Kinachotakiwa ni taarifa ya kifo itolewe kijijini na mpokeaji abadilishwe. Kosa linaanzia pale mtu anapoenda siku ya malipo, anaweka dole gumba mbele ya jina la marehemu na kunyamaza.

Mwambie aende kwa mtendaji wa kijiji mapema, na cheti cha kifo mkononi. Mtendaji naye akiwa ndiye anayepanga majina hewa (maana na hao wapo), hiyo ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Piga 113, bure.