Maswali ya wasomaji: Watu waongezeka, 024 ile ile

SWALI: Asalaam aleikum. Sensa ya 2012 ilitukuta Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Mbona simu za mezani Unguja na Pemba bado ni 024 tu, na New York misimbo haishi kuzaliwa: 212, 646, 332?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikumu salaam. Kinachomaliza msimbo si watu, ni namba zilizogaiwa. Nyuma ya 024 zinakaa tarakimu 7. Mjini Unguja huanzia 223, Chake na Wete 245. Kwa hesabu ya karatasini hizo ni namba milioni 10, na wenye simu za mezani siku hizi wa kutafuta. Wengine wote wamo kwenye mkononi, na huko ndiko vianzio vilikozaana: 077, 071, 065, 062. Hivyo havina eneo. Tangu 2017 hata kampuni havikwambii kwa hakika, maana mtu huhama na namba yake.

Marekani simu ya mkononi nayo hula msimbo wa eneo. Mpango wao wa 1947, pamoja na Kanada, ulikuwa na misimbo 86. Msimbo mmoja una mafungu 792 ya namba 10,000, yaani 7,920,000. Nyingi, lakini zamani kila kampuni ikipewa fungu zima hata kama ina wateja 300, zilizobaki zimelala tu. Ndipo wakaanza kugawa elfu elfu.

Zikikaribia kwisha, ama eneo hukatwa, kama Brooklyn na Queens zilivyotolewa 212 na kutiwa 718 mwaka 1984, au msimbo mpya huwekwa juu ya eneo lile lile, kama 917 mwaka 1992. Kukata ni balaa kwa wenye maduka: mabango na risiti vyote vipya. Njia ya pili ni afadhali, ila hata jirani utampigia pamoja na msimbo.

SWALI: Daftari la ami lina namba ya London inayoanza na 01. Nikipiga haiendi. Nifanyeje?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Hiyo 01 ilifutwa Mei 1990: katikati ya jiji ikawa 071, pembezoni 081. Mwaka 1995 zikawa 0171 na 0181, na 2000 zikaunganishwa kuwa 020, ile 7 au 8 ikahamia mwanzoni mwa namba yenyewe. Kwa hiyo futa 01, andika +44 20, kisha 7, kisha zile tarakimu 7 za daftarini. Isipoita, badili 7 uweke 8. Kwenye simu ya mezani, badala ya + piga 000.

Wengi hukwama kwenye sifuri. +44 020 haiendi, na aliye nje akipiga Chake kwa +255 024 hapati; ni +255 24. Muscat nako mezani huanzia 24, +968 24, lakini haina undugu na yetu, na sifuri haitiwi kabisa, hata ukiwa huko huko.